Jina Tulilolisoma Katesh

Mwaka huu vijana wa Katesh walifanya sherehe ya kusoma, na mimi, kwa kuwa ni mwalimu mzee ambaye bado yupo yupo, wakanialika. Nikapewa kiti cha plastiki mstari wa mbele na chupa ya maji. Waandishi walipanda jukwaani mmoja mmoja, kipaza sauti mkononi. Siku hizi hawasomi wamesimama wima kama askari. Wanatembea, wananong'ona, wanapiga kelele, wakitaka kulia wanalia. Binti mmoja alisoma hadithi yake ya mbuzi wa shangazi, akamwigiza mbuzi, akamwigiza shangazi, mpaka nikasahau goti langu. Hapo ndipo mwanamume mmoja mwenye kipara alipokuja kukaa pembeni yangu, akaniinamia sikioni. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba. Nani mwenzangu?" "Mimi ni Gesso wa Gendabi." Nikamwangalia vizuri. Gesso niliyemjua alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Nikauliza mama yake anaendeleaje, akatazama chini. "Mama alitutoka wakati wa masika, mwalimu. Tulikutafuta kwenye simu, hatukukupata." Jamani! Nililia palepale mbele za watu, kwa sauti, kamasi na kila kitu. Yule binti jukwaani akaniona, akadhani ni hadithi yake iliyonitoa machozi, akazidi kuisoma kwa uchungu. Nikamwacha hivyohivyo.

Usiku sikulala vizuri, na tangu siku hiyo mwaka ule wa Gendabi umenikaa kichwani. Wanaopenda kuanza na babu na baba wa babu wanisamehe: nilizaliwa nyanda za juu kule Mbulu, tulikuwa wengi, tulishiba, basi. Ulikuwa wakati wa mashamba makubwa ya ngano ya serikali, na pia ulikuwa wakati wa kisomo, ambapo watu wazima wa nchi nzima walikuwa wakijifunza herufi kwenye maghala, makanisani, popote penye kivuli na ubao. Mimi nilikuwa nimetoka shule juzijuzi, msichana mwenye mdomo mrefu na viatu vya kubana, nikapangiwa kufundisha Gendabi. Nilipewa chumba kwa Mama Bura, mjane wa mwalimu wa dini. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya jiko lake. Kulikuwa na kitanda cha kamba, magunia ya maharage, kalenda iliyokwisha muda wake lakini yenye picha nzuri, na ukuta uliosiribwa kwa samadi ambao haukufika juu. Kila kilichosemwa jikoni nilikipata chote, pamoja na moshi. Jioni tulikula ugali na mlenda na maziwa ya mgando, au kande zilizochemka mchana kutwa, na Mama Bura alinisimamia mpaka nimalize. "Kula, mwalimu. Mtu mwembamba watu hawamsikilizi." Nilimsikiliza, kama mnavyoniona leo.

Jikoni hapo ndipo nilipoanza kuyajua mambo ya eneo lile. Wanawake wa kanisani walikuja kuchambua mboga na kuchambua watu. Siku moja nikiwa nimelala kitandani nikamsikia mmoja anasema, "Safari hii wanalima mpaka kwenye makaburi ya jirani zetu Wabarbaig. Mume wangu amepita huko, ameona vigingi." Mwingine akajibu kwamba hayo si mambo yetu, sisi ni wakulima, hao ni wafugaji, na wana miungu yao. Halafu Mama Bura, kwa ile sauti yake ya kuongea huku anapuliza moto: "Leo si yetu. Trekta linakujua wewe dhehebu lako?" Kisu kiliendelea kukata sukuma wiki.

Darasa letu lilikuwa kwenye ghala la kijiji, mchana baada ya kazi. Wakulima walikaa upande mmoja juu ya magunia, wafugaji upande wa pili chini sakafuni, akina mama wao na sketi za ngozi na bangili za shaba zilizogongana kila walipoandika. Kufundisha kwenyewe kulikuwa kwa kupiga kelele. Naandika neno ubaoni, nalipiga fimbo, na darasa zima linalisoma kwa pamoja kwa nguvu zote. Nikiandika MAMA, walipiga MAMA mpaka popo wakahama darini. Niliwazoesha hivyo nami nilizoezwa hivyo, na mazoea yakawaingia kwenye damu. Hawakuweza tena kuona maandishi wakanyamaza. Mzee Tluway, mkulima mwenye sauti ya tarumbeta, alitolewa nje ya zahanati kwa kusoma bango la ukutani mbele ya wagonjwa. Tukipitwa na gari la mizigo barabarani, darasa langu lote lilisoma ubavu wa gari kwa sauti moja, na dereva akasimama akifikiri ameponda mtu. Tulicheka sana mwaka ule. Nasema hivyo kwa sababu nikisimulia haya mengine watu wanadhani tulikuwa tunalia tu.

Mwanafunzi wangu bora alikuwa Mama Gesso, mwanamke wa Kibarbaig wa rika la dada yangu mkubwa, mrefu, mwenye jicho la kukukata katikati. Alitoka mbali uwandani kwa miguu, Gesso mgongoni, na hakuchelewa hata siku moja. Alikuwa haulizi maswali ovyo. Akiuliza, ujue umekosea. Mume wake na shemeji zake walikuwa wamehama na ng'ombe kwenda kusini, mbali kabisa, kwa kuwa majani mazuri ya uwanda yalikuwa yamegeuzwa ngano. Bomani walibaki wanawake na watoto wadogo. Siku moja baada ya darasa akaniambia, "Mwalimu, njoo nyumbani unywe maziwa. Nina jambo." Nilikwenda nikidhani ni jambo la kuumwa au la ndoa, maana ndiyo mambo waliyokuwa wakiniletea, mimi ambaye sikujua lolote kuhusu yote mawili.

Nyumba yao ilikuwa ya chini, unaingia umekunja mgongo, na ndani kuna giza lenye harufu ya vibuyu vilivyofukizwa moshi. Mkwe wake, mama yake mumewe, alikuwa amekaa juu ya ngozi. Kila mtu alimwita Bibi, nami nikamwita hivyo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa maziwa kwenye kibuyu na kunitazama mpaka nikamaliza. Kisha tukatoka nyuma ya boma wakanionyesha kilima cha udongo, kirefu kuliko mtu, kimekauka kwa jua na upepo. Wenyewe wanakiita bung'eda. Ni kaburi la heshima. Mzee mkubwa akifa, ndugu na majirani wanalijenga kwa miezi mingi, udongo juu ya udongo, wanakunywa pombe ya asali, wanaimba, na hapo anapolala panakuwa mahali pa kwenda kuomba. Huyu aliyelala hapa alikuwa mume wa Bibi, baba mkwe wa Mama Gesso. Hatua chache kutoka hapo kilikuwa kimepigwa kigingi cha shamba.

"Walikuja watu wa shamba," Mama Gesso akaniambia. "Karani akauliza, hiki kitu cha nani? Sisi tukanyamaza. Akauliza tena, jina lake nani? Tukanyamaza. Akamwambia mwenzake, ni kichuguu hiki, msimu ujao kinalimwa."

Nikaruka juu. "Sasa mbona hamkusema? Si mngesema tu?"

Wakatazamana. Bibi akacheka kwa pua. "Huyu mtoto wa Mbulu hajui," akasema. Ndipo wakanieleza. Mwanamke wa Kibarbaig akishaolewa, jina la baba mkwe wake halitoki mdomoni mwake mpaka afe. Halitamkwi kwa furaha wala kwa hasira, wala kizimbani. Hata maneno yanayokaribiana na jina hilo anayakwepa, anatafuta mengine. Bibi mwenyewe alikuwa hajawahi kulitamka jina la mume wake, na alizaa naye na kumzika. Na wote waliobaki bomani walikuwa wake walioolewa humo. Kwa hiyo karani aliuliza swali jepesi kwa watu wote wasioweza kulijibu, na wao wakampa heshima ya kimya, naye kimya akakiandika kichuguu. Nilishika kichwa.

Msinione mjinga, nilifanya lililokuwa rahisi. Jina nililipata kwa Mama Bura, maana majirani walilijua, nikaenda nalo ofisini kwa meneja wa shamba. Alikuwa mtu mzima mnene kidogo, mstaarabu, ana chupa ya chai mezani. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Binti, wewe ni wa familia hiyo?" "Hapana, mzee, mimi ni mwalimu wao." "Basi sikiliza. Kila siku anakuja mtu hapa ananiambia pale kaburi, pale kaburi, na ukichunguza anatafuta pa kulisha mbuzi wake. Mimi sina ugomvi na marehemu. Wenyewe waje waseme nani amelala pale, kwa mdomo wao, nami nitazunguka. Ila isiwe jirani wala mwalimu." Nikamweleza habari ya mwiko. Akatikisa kichwa kwa huruma kabisa, akanimiminia chai. Alichotaka ndicho kitu pekee ambacho wasingeweza kumpa. Wanaume wa boma tuliwatumia habari kwa watu waliokuwa wanaelekea kusini, lakini nani angewafikia kabla ya kulima? Nilitoka pale nikiwa na hasira hata nikapita nyumbani kwa Mama Bura bila kupaona.

Basi katika hali hiyo akaja Bwana Sulle, afisa wa kisomo, na baiskeli yake, akatutangazia ghalani kwamba kutakuwa na sherehe ya kusoma Katesh. Vijiji vitatoa wasomaji wao. Kila msomaji ataandika habari yake mwenyewe na kuisoma mwenyewe mbele za watu, mwanzo mpaka mwisho, bila kusaidiwa. Atakuja pia mwandishi wa vitabu kutoka pwani, mtu anayeandika kweli, asome kitabu chake kwa mdomo wake. "Na mgeni rasmi," akasema, "ni meneja wa shamba la ngano, ambaye atatoa lori na mikate." Watu wakashangilia mikate. Mimi na Mama Gesso tulitazamana juu ya vichwa vyao.

Mama Gesso aliandikia chumbani kwangu, amekaa juu ya gunia la maharage, ubao mdogo magotini, Gesso amelala kitandani. Alikuwa anaandika mstari, anausoma kwa kunong'ona, anaufuta. Mama Bura alichungulia kila mara na kikombe cha uji, eti anamletea mtoto. Nimewahi kuona waandishi wakihojiwa kwenye televisheni jinsi wanavyoteseka na maneno, wanazungumzia mpaka kahawa wanayokunywa, nami huwa nacheka peke yangu kwa sababu mwandishi wa kwanza niliyemwona akiteseka alikuwa na mbuzi wa kukamua jioni. Alipofika penye jina akasimama. Siku mbili tatu hakusogea. Halafu akaniuliza, "Mwalimu, kuandika ni kutamka?" Nikamwambia sijui. Na kweli sikujua, na sijui mpaka leo. "Twende tukaulize," akasema.

Bibi alilisikiliza swali lile akiwa anasukasuka kibuyu cha maziwa, na hakuacha kusukasuka. Wake wengine wa boma walikuwepo, wakasogea. Mmoja akasema ni hatari, neno ni neno. Mwingine akasema wazee wangekasirika. Bibi akawaacha waongee mpaka wachoke. "Nilipoolewa," akasema mwishowe, "walinikalisha chini wakaniambia mdomo wako usimtaje. Walisema mdomo. Mkono hawakuutaja." Akafungua kibuyu akanusa. "Na kama wamekasirika, waje wenyewe wazuie trekta." Wanawake walicheka mpaka mtoto akaamka. Mama Gesso akaliandika jina siku hiyohiyo kwenye karatasi yake, kwa mkono mzito, bila kufungua midomo. Lakini kuandika ilikuwa nusu ya kazi. Kusoma kulibaki palepale, na tulijua wote.

Siku ya sherehe lori la shamba lilitupitia alfajiri kukiwa na baridi. Tulijibana humo, wakulima na wafugaji, magoti kwa magoti. Mzee Tluway alisoma kila kibao tulichokipita. Katesh upepo ulikuwa unavuma kutoka mlimani kama kawaida yake, unazoa kofia za watu, na uwanja ulijaa. Watu wa kijiji cha Gehandu walishafika na nyimbo zao. Kabla ya kuanza tukaingizwa darasani kujaribu usomaji, Bwana Sulle na daftari lake, na yule mwandishi mgeni amekaa dirishani, mwanamume mwembamba mwenye koti kubwa la kuazima, anatetemeka kwa baridi ya kwetu. Mama Gesso akasoma vizuri mpaka penye jina, akanyamaza. Bwana Sulle akasubiri. "Endelea, mama." Nikaeleza mimi. Bwana Sulle akashusha pumzi. "Masharti ni masharti. Asome yote, au nimfute, karatasi yake isomwe na mwalimu."

"Akisoma mwalimu," Mama Gesso akajibu, "watasema ni maneno ya Wambulu. Nitasoma mimi."

"Utasomaje sasa na hutaki kutamka?"

"Sijui," akasema. "Nitasoma."

Yule mwandishi akakohoa. Kiswahili chake kilikuwa laini mno, nusu yake hatukuipata, lakini hili tulilipata. "Mama, mimi nimewasomea watu miji mingi. Mahali pagumu usipakimbie. Ukifika hapo, nyamaza. Wangoje. Watu wakingojeshwa vizuri huwa wanakusaidia." Bwana Sulle akaguna, ila hakumfuta jina. Nilimpenda mwandishi yule toka dakika hiyo, na nikampa shali yangu. Hakuirudisha.

Alisoma yeye kwanza. Mpaka hapo tulidhani kusoma ni ile kazi yetu ya kupiga kelele neno kwa neno. Yule bwana akafungua kitabu chake, akamsoma fisi aliyealikwa harusini, na jamani, akawa fisi. Alichechemea, alinusa sufuria za watu, alimwomba meneja samahani kwa kumkanyaga. Wazee wa Kibarbaig waliosimama nyuma na fimbo zao, ambao hawakujua Kiswahili cha kutosha hata kununua chumvi, walicheka mpaka wakaegemeana. Mama Bura alijifuta macho na kanga. "Kumbe kitabu kinaweza hivi!" akasema. Mimi niliyekuwa nafundisha watu kusoma ndiyo nilikuwa naona kwa mara ya kwanza ni kwa nini. Baada yake wakaja watu wa Gehandu na ubao wao, wakaonyesha somo la herufi, wakauacha ubao umesimama jukwaani na chaki na fimbo yake. Halafu likaitwa jina la kijiji chetu.

Alipanda na sketi yake ya ngozi na bangili zake, karatasi mkononi. Upepo ukaishika karatasi, akaishikilia kwa mikono miwili. Meneja alikuwa mbele yake kabisa, anakula mkate. Akaanza. "Mimi ni mama Gesso wa Gendabi. Nyuma ya boma letu kuna kilima. Watu wa shamba wanasema ni kichuguu. Kichuguu kinajengwa na mchwa. Hiki kilijengwa na watu. Mimi nilibeba udongo wake nikiwa na mimba. Aliyelala humo alinipokea siku nilipoletwa. Nilikuwa nalia. Akanipa ng'ombe mwekundu, akasema, usilie, huyu ni wako na mimi ni baba yako. Jina lake ni..."

Akanyamaza.

Mwanzo watu walifikiri amesahau. Mmoja akacheka huko pembeni, akanyamazishwa. Meneja akaacha kutafuna. Bwana Sulle akanitazama, mimi nikatazama miguu yangu, nilitamani ardhi ipasuke niingie. Kimya kikawa kirefu, kikapita pale ambapo mtu anaweza kukivumilia, upepo tu na bangili. Nikainua macho nikaona amegeuka. Alikuwa amewapa watu mgongo, ameokota chaki ya watu wa Gehandu, anaandika ubaoni. Aliandika polepole, herufi kubwa kama nilivyomfundisha. Alipomaliza akachukua fimbo, akaupiga ubao.

Nani angezuia? Uwanja ule ulijaa watu wa kisomo. Mzee Tluway ndiye aliyeanza, kwa sauti yake ile, na darasa langu likamfuata kabla hajafika katikati, na Gehandu wakafuata, na wote: "GI-DA-MOW-SA!" Sauti ilipiga mlima ikarudi. Akapiga fimbo tena. "GIDAMOWSA!" Wale wazee wa nyuma, ambao walikuwa hawasomi hata a, walisikia jina la mtu wao, wakavua kofia zao. Mama Gesso alikuwa amefumba macho, midomo imebanwa kabisa, machozi yanashuka. Kisha akafungua karatasi akaendelea, na kila jina lilipofika aligonga ubao na sisi tukamsomea. Tulimsomea mpaka mwisho. Nimehudhuria sherehe nyingi za vitabu baada ya hapo, nimesikia watu wenye majina makubwa. Sijasikia tena kitu kama kile.

Meneja alisimama bila kuitwa. Alikuwa bado ameshika kipande chake cha mkate. "Mama," akauliza, "wewe ni wa familia?"

"Mimi ni mke wa mwanawe."

"Basi nimesikia kutoka kwa familia." Akatafuta neno, akakosa, akacheka kidogo kwa aibu. "Nafikiri na Singida wamesikia." Watu wakaangua vicheko na vigelegele. Mwandishi, aliyekuwa asome tena kufunga sherehe, akapanda akainamisha kichwa mbele ya Mama Gesso, akasema yeye leo hana la kuongeza, akashuka. Tukapewa mikate. Katika lori kurudi Mama Bura alimwuliza Mama Gesso kama mkate ule unamshuka, ngano ikiwa imetoka kwenye majani ya ng'ombe wao. Akautafuna kwanza. "Ni mtamu," akasema. "Hiyo ndiyo shida yake." Wakagawana uliobaki.

Lakini meneja kusema ni kitu kimoja, na trekta ni kitu kingine. Dereva hakuwepo Katesh, na vigingi vilikuwa bado pale. Msimu wa kulima ulipoanza tulikwenda kusimama karibu na kaburi, wake wote wa boma, mimi, na Mama Bura na wenzake wa kanisani, waliokuja wenyewe bila kuitwa na kusema wanapita tu. Trekta lilitokea mbali likinyoosha mstari wake, vumbi nyuma, linakuja moja kwa moja. Niliona Mama Gesso anamshusha mtoto mgongoni na kunipa. Likaja, likaja, nikaanza kuomba sala zangu zote kwa mpigo. Kisha dereva akainua majembe yake juu, akakata kona, akakizunguka kilima kwa mbali, polepole, akashusha majembe upande wa pili na kuendelea. Alitupungia mkono. Nilipiga yowe. Mama Bura alimkumbatia mwanamke ambaye hakujua hata anaitwa nani.

Bibi peke yake hakupiga kelele. Alikuwa amesimama pale mstari wa trekta ulipopinda, anaugusa udongo uliopinduliwa kwa ncha ya fimbo. Hakuwahi kuja darasani, alisema macho yake yameshaona ya kutosha. "Mwalimu," akaniita, taratibu, kama hataki wengine wasikie. "Hilo jina linaanzaje?" Nikachukua kijiti, nikainama, nikachora G kubwa kwenye udongo mbichi. Akaizunguka akiitazama, huku na huku, halafu akaanza kucheka mpaka akashika kiuno. "Kumbe imeinama! Hata yeye alikuwa ameinama hivyohivyo, mgongo ulikuwa unamsumbua tangu ujana." Akanipokonya kijiti, akapiga magoti, akaanza kumwandika mume wake.